Nyumba ya urithi katika mtaa wa zamani: nani anaamua sura yake ya nje?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Marehemu baba ametuachia nyumba ya maduka hapa Mpwapwa mjini, katika mtaa wa maduka ya zamani. Babu aliinunua kwa mfanyabiashara wa Kihindi miaka ya 1960. Kuta ni za matofali ya udongo, juu kuna bati, na mbele kuna baraza lenye nguzo za mbao na milango minne ya mbao ya kukunja, mmoja wao una nakshi. Tuko ndugu watano na tumekubaliana kuiboresha: tuondoe baraza ili fremu (vyumba vya maduka) zisogee mbele, tuweke milango ya chuma ya kuviringisha juu na madirisha ya aluminiamu, kisha tufunike uso wa nyumba kwa alukobondi, vile vipande bapa vya aluminiamu, ili ionekane ya kisasa. Nilipokwenda halmashauri kuuliza, niliambiwa nilete maombi yenye michoro na picha za nje, kwa sababu mtaa ni wa zamani. Jirani anasema Mpwapwa iko UNESCO, hivyo haturuhusiwi kugusa hata msumari, na ipo siku serikali itaichukua nyumba. Fundi naye anasema nyumba ni yetu, uso wake haumhusu mtu, na yuko tayari kuanza Jumamosi. Nani anasema kweli? Na hao wanaopitia maombi wanaangalia nini hasa? Sisi tunachotaka ni biashara iende."

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee wenu.

Katika swali lako naona hofu mbili zilizofungamana. Ya kwanza ni kwamba nyumba mliyoachiwa itaponyoka mikononi mwenu kwa sababu tu ni ya zamani. Ya pili ni kwamba watu wasiolipa fundi wala kununua saruji watawaamulia mlango uweje na dirisha liweje. Hofu zote mbili zinastahili kujibiwa kwa kirefu. Jirani yako amekosea na fundi wako amekosea, lakini makosa yao hayalingani uzito. La jirani linasahihishwa kwa maelezo, ilhali la fundi likishatekelezwa halisahihishiki, kwa kuwa baraza lililovunjwa asubuhi moja haliwezi kurudishwa kama lilivyokuwa. Kwa hiyo, kabla hujaendelea kusoma, mpigie fundi simu umwambie asianze Jumamosi.

Nianze na UNESCO. Mpwapwa haimo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya shirika hilo la Umoja wa Mataifa. Kilichopo ni kwamba mwaka 2006 Tanzania iliweka katika orodha yake ya awali ile njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha ya awali ni tamko la nchi kwamba mahali hapo panafaa kupendekezwa siku za mbele, na haimpi afisa yeyote mamlaka juu ya mlango wako. Katika mkoa wenu wa Dodoma, mahali palipoandikwa rasmi ni Michoro ya Miambani ya Kondoa, nayo iliandikwa mwaka huo huo wa 2006. Hata mahali panapoandikwa, umiliki haubadiliki. Mwenye nyumba anaendelea kufungwa na sheria za nchi yake. Nadhani jirani yako amesikia habari za Zanzibar, ambako Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu mwaka 1985 na uliandikwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Huko mwenye nyumba huomba kibali hata cha kubadilisha dirisha, lakini huo ni utaratibu wa Zanzibar na haufanyi kazi Bara.

Sasa tuangalie sheria zinazokuhusu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo na mabaki yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye hulindwa pale Waziri anapolitangaza kuwa la kumbukumbu, au anapotangaza eneo lililopo kuwa la hifadhi, na tangazo hilo hutolewa katika Gazeti la Serikali. Nyumba ya matofali ya udongo yenye bati, iliyouzwa na mfanyabiashara wa Kihindi, kwa kila dalili ni ya wakati wa Wajerumani au wa Waingereza, kwa hiyo mwaka 1863 hauigusi. Linalobaki ni kujua kama kuna tangazo linalotaja nyumba yenu au mtaa wenu, na jibu la uhakika utalipata kwa kuandika barua Idara ya Mambo ya Kale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Wizara zimehamia Dodoma, hivyo safari yake si ndefu. Nitarudi kwenye sheria hii nitakapofika kwenye ule mlango wa nakshi, maana hapo ina neno zito ambalo wengi hawalijui.

Fundi wako amejikwaa kwenye sheria nyingine, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Ndani ya eneo la mipango, anayetaka kuendeleza ardhi au jengo lake anahitaji idhini ya mamlaka ya upangaji, nayo kwenu ni halmashauri. Kusogeza ukuta wa mbele, kuondoa baraza na kufungua nafasi mpya za milango ni uendelezaji kwa maana kamili ya sheria, na ungehitaji kibali hata kama nyumba yenu ingekuwa imejengwa mwaka jana. Sheria hiyo hiyo inaipa mamlaka ya upangaji nafasi ya kuyatambua na kuyalinda majengo yenye thamani ya kihistoria au ya usanifu. Kwa hiyo ofisi ilipokuomba michoro na picha za nje haikuzua jambo. Ilitumia utaratibu wa kawaida wa kibali, ikaongeza swali moja ambalo mtaa wa zamani unastahili kuulizwa.

Je, kudhibiti uso wa nyumba ni kumnyang'anya mwenye nyumba? Hapana, na tofauti hii ni ya msingi. Serikali ikitaka kuchukua ardhi ya mtu kwa matumizi ya umma, inapitia Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, yenye taratibu zake na fidia zake. Kibali cha kubadilisha sura ya nje hakihamishi hati, hakikuzuii kuuza, kupangisha wala kurithisha. Swali hili limeshaulizwa kwingine pia. Mji wa Charleston, kusini mwa Marekani, uliweka mwaka 1931 eneo la kihistoria lenye bodi ya kupitia mabadiliko ya nje ya majengo, na miji mingi ya nchi hiyo ikafuata mfano huo. Wenye mali wakalalamika kwamba wanaporwa. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ililiamua suala hilo katika shauri la kituo cha reli cha Grand Central cha New York, ambapo mmiliki alikuwa amekataliwa kujenga mnara wa ofisi juu ya kituo. Mahakama ilisema kwamba zuio hilo halikuwa kumnyang'anya mali, kwa kuwa mmiliki aliendelea kukitumia kituo chake na kupata faida yenye maana. Hukumu hiyo haina nguvu hapa kwetu, lakini hoja yake inasaidia kufikiri: mwenye mali anabaki na mali yake, na jamii inabaki na sauti juu ya kile kinachoonekana na kila mtu barabarani.

Umeuliza wanaangalia nini hasa. Katika miji yetu mingi hakuna bodi ya pekee kwa ajili ya majengo ya zamani. Maombi yako yatapita kwa wataalamu wa halmashauri, yaani wa mipango miji, ardhi, ujenzi na afya, kisha yataingia katika kamati ya madiwani inayoshughulikia ujenzi na mazingira. Wanaofanya kazi hii kwa makini huanza na kinachoonekana kutoka mtaani. Ndani ya nyumba, mkitaka kuvunja ukuta mwepesi, kuweka dari ya jipsamu au vigae, suala la sura ya mtaa halipo, ingawa usalama wa jengo unabaki kuwa suala. Kisha hujiuliza ni kitu gani kinachoufanya uso huo uwe wa mtaa huo na si wa mtaa mwingine wowote: kimo cha jengo, mteremko wa paa, mfuatano wa milango na nafasi kati yake, mstari wa baraza unaotoka duka la kwanza hadi la mwisho, na vifaa vyenyewe. Halafu hupima kama badiliko linaondoa kitu hicho, linakifunika, au linakaa kando yake tu.

Swali ambalo kwangu lina uzito kuliko yote huja mwisho, nalo ni kama badiliko hilo linaweza kufutwa siku nyingine bila kuacha jeraha. Rangi hupakwa upya, bango hung'olewa, lakini nguzo iliyokatwa imekwisha. Ndiyo maana kamati yenye busara hulegeza kwenye mambo yanayorudishika na hukaza kwenye yasiyorudishika, na ndiyo maana mpango wenu, jinsi ulivyo sasa, utapata shida: karibu kila kilichomo ndani yake hakirudishiki.

Kuna sababu ya kuujali mtaa huo, na ningependa ninyi ndugu wote watano muijue. Misafara kutoka pwani ilipumzika Mpwapwa kupata maji na chakula kabla ya kuikabili nyika kavu ya Marenga Mkali kuelekea Ugogo. Wamisionari wa Kianglikana walifika mwaka 1876, na Wajerumani wakaweka kituo chao cha kijeshi mwaka 1889. Kisha reli ya kati ikapita kusini, kwa njia ya Gulwe, ikafika Dodoma mwaka 1910, na biashara kubwa ikaifuata. Mji ulioachwa kando na reli haukupata fedha nyingi za kubomoa na kujenga upya, na kwa sababu hiyo mitaa ya namna yenu imesalia mahali ambapo miji iliyotajirika zaidi imeipoteza. Dodoma mjini, katika mitaa ya Uhindini na Madukani, maduka ya baraza yanazidi kupisha maghorofa kadiri makao makuu yanavyokua. Sisemi mji mkuu usikue. Nasema tu kwamba kinachobaki Mpwapwa sasa kina thamani kubwa kuliko kilivyokuwa babu yenu alipokinunua, na hii ni pamoja na thamani ya fedha kwa mwenye subira.

Sasa niyapitie mapendekezo yenu, nikianza na baraza, kwa sababu hapo ndipo ningesimama kidete hata kama hakuna kamati yoyote. Mvua za Mkoa wa Dodoma huja kwa miezi michache, kati ya Desemba na Aprili kwa kawaida, lakini hunyesha kwa nguvu, na maji yakidondoka kutoka kwenye bati hupiga ardhi na kurukia ukuta. Ukuta wa matofali ya udongo unastahimili jua kwa miaka mingi, ila mguu wake ukiloana kila msimu hulainika, ukaliwa taratibu, na mwishowe hubeba paa kwa unene usiotosha. Aliyejenga baraza lile alijua anachofanya: liliweka maji mbali na mguu wa ukuta, likazuia jua la mchana lisiingie dukani, na likampa mteja mahali pa kusimama. Mkiliondoa na kusogeza fremu mbele, mnaondoa kinga ya nyumba. Zaidi ya hayo, ukuta wa mbele wa sasa huenda ndio unaobeba paa. Kuuvunja ili duka liwe wazi kunahitaji boriti nzito, na boriti ya zege ikilazwa juu ya matofali ya udongo hukandamiza sehemu ndogo za ukuta kwa uzito ambao haukuwahi kuubeba.

Kuna jambo jingine la baraza ambalo huwaumiza watu kimyakimya. Katika mitaa ya zamani baraza mara nyingi limekaa mpakani mwa kiwanja, au limevuka na kuingia kwenye hifadhi ya barabara. Likiwa baraza la wazi, kwa kawaida huachwa, maana watu wanapita. Likifungwa kwa ukuta na kuwa chumba cha biashara, linageuka ujenzi ndani ya hifadhi ya barabara, na hapo mtakutana na wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, kutegemea barabara ni ya nani, pamoja na ile alama nyekundu ya X ya kuamriwa kubomoa, ambayo hakuna mwenye duka anayependa kuiona. Kabla ya kupanga chochote upande wa mbele, mwombeni mpima wa halmashauri awaonyeshe mawe ya mpaka. Inawezekana kabisa kwamba eneo mnalotaka kulifungia fremu si lenu.

Nafasi mnayoitafuta naamini ipo nyuma. Nyumba za maduka za namna hiyo zilijengwa zikiwa na ua nyuma, penye jiko, ghala na vyumba vya familia. Upande huo hauonekani kutoka mtaani, na jengo jipya la matofali ya saruji lenye msingi wake, lililotenganishwa na ukuta wa zamani kwa mwanya mdogo, linaweza kuwapa ghala, ofisi na hata fremu mbili zinazotazama kichochoro kama kipo. Kamati hukubali upanuzi wa nyuma kwa urahisi zaidi kuliko badiliko lolote la mbele. Hati ya Venice ya mwaka 1964, ambayo wahifadhi wa nchi nyingi huifuata, inataka kinachoongezwa kipatane na jengo la zamani lakini kijulikane kuwa ni cha wakati wake. Kwa hiyo si lazima jengo la nyuma liigize ukale. Linatakiwa tu lisizidi kimo cha paa la mbele.

Kuhusu milango, naelewa kwamba mnataka usalama. Milango ya chuma ya kuviringisha inaweza kufungwa upande wa ndani, nyuma ya milango ya mbao, ili mchana ya mbao ifunguliwe kama kawaida na usiku mteja aione ileile ya zamani huku mali ikilindwa na chuma. Milango ya mbao yenyewe mara nyingi huoza chini tu, kiasi cha upana wa viganja viwili. Fundi seremala mzuri hukata sehemu iliyooza na kuunga mbao mpya ya mninga au mvule kwa ulimi na mfereji, na mlango ukaendelea na kazi. Kutengeneza namna hiyo, kwa mbao ya aina ileile na kwa umbo lilelile, huhesabiwa kuwa matengenezo ya kawaida na si badiliko, ingawa bado nashauri umwandikie afisa mipango barua fupi kumjulisha.

Ule wa nakshi ni habari tofauti. Sheria ya Mambo ya Kale inahesabu milango na miimo ya mbao iliyochongwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki kabla ya mwaka 1940 kuwa vitu vinavyolindwa, na ulinzi huo unaufuata mlango popote ulipo, hata kama nyumba yenyewe haijatangazwa. Maana yake ni kwamba hamwezi kuung'oa na kumuuzia mnunuzi wa vitu vya kale kwa makubaliano ya mdomo, na kuutoa nje ya nchi bila leseni ni kosa. Watu hupita katika miji yetu wakinunua milango hii kwa bei ambayo mwenye nyumba huiona kubwa mpaka aje asikie ule mlango uliuzwa kwa kiasi gani mwishoni mwa safari yake. Akija mtu kabla hamjapata jibu la Idara, mwambieni hauuzwi.

Madirisha hayanisumbui sana. Ya upande na ya nyuma wekeni aluminiamu mkitaka. Ya mbele, bakizeni ukubwa na umbo la nafasi za sasa, na mkibadilisha fremu tumieni mbao.

Alukobondi ndiyo ninayoipinga bila kusita, na si kwa sababu ya uzuri peke yake. Vipande hivyo hushikwa na fremu ya chuma inayofungwa ukutani kwa boliti, na tofali la udongo halishiki boliti. Upepo wa Agosti ukianza kuivuta, matundu hupanuka na udongo humwagika. Nyuma yake hubaki uwazi wa giza ambamo unyevu haukauki na mchwa hupanda bila kuonekana hadi kwenye kenchi za paa, nanyi mtakuja kujua siku bati litakapobonyea. Kisha kuna moto. Vipande vya bei nafuu vina tabaka la plastiki katikati, na vipande vya namna hiyo ndivyo vilivyousambaza moto katika jengo la Grenfell Tower jijini London mwaka 2017, ambapo watu 72 walikufa. Maduka yenu yameungana ukuta kwa ukuta na paa za mbao. Siwezi kumshauri mtu yeyote avike mtaa wa namna hiyo plastiki.

Kama shida ni kwamba uso wa nyumba umechakaa, dawa yake ni chokaa. Mara nyingi mafundi hupiga plasta ya saruji juu ya matofali ya udongo wakidhani wanauimarisha ukuta. Saruji ni ngumu na haipitishi mvuke kwa urahisi, kwa hiyo unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa mahali pa kutokea, hujikusanya nyuma ya plasta, huleta chumvi, na baada ya misimu michache plasta hubanduka kwa mapande makubwa ikiwa imebeba uso wa tofali. Plasta ya chokaa na mchanga ni laini, inatanuka na kusinyaa pamoja na udongo, na inauruhusu ukuta ukauke. Inataka kupakwa upya kila baada ya miaka kadhaa, hilo sitalificha, lakini kazi hiyo ni nafuu na hufanywa na fundi wa kawaida akishaelekezwa. Nyumba iliyopigwa chokaa nyeupe, nguzo zikapakwa rangi moja iliyotulia, na mabango ya maduka yakapangwa kwa kimo kimoja chini ya ukingo wa baraza, huvutia wapangaji bila kufunikwa na chochote.

Sasa upande wa pili wa mizani. Njia ninayoipendekeza itawachelewesha, kwa kuwa vikao vya madiwani vina ratiba yake. Gharama ya kutunza milango na baraza itakuwa yenu wenyewe. Wapangaji wengine hupenda vioo vipana mbele, na huenda mkampoteza mmoja au wawili. Pia itawauma mkiona nyumba ya tatu kutoka kwenu imefunikwa alukobondi tayari na hakuna aliyeguswa. Hilo lipo, na si haki. Lakini kosa lililopita la mwingine halitawapa ninyi kibali, na ni afadhali kuitumia hoja hiyo kwa namna nyingine: iombeni halmashauri, kwa maandishi, iweke vigezo vya mtaa mzima ili kila mwenye nyumba ajue mapema kinachokubalika. Kamati isiyo na vigezo vilivyoandikwa huamua kwa ladha ya waliohudhuria siku hiyo, na mwenye nyumba ana haki ya kulikataa jambo hilo. Maombi yakikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi, na mkiona sababu hazina msingi, sheria inawapa nafasi ya kukata rufaa ngazi ya juu. Yakikubaliwa kwa masharti, someni masharti yote kabla fundi hajapanda ngazi.

Maombi yenyewe yataanza kwenye mirathi. Nyumba ya marehemu haiombewi kibali na ndugu mmoja kwa niaba ya wengine kwa maneno matupu. Mahakama imteue msimamizi wa mirathi, naye ndiye atakayetia saini, pamoja na hati au uthibitisho wa umiliki na stakabadhi za kodi ya ardhi. Kisha tafuteni mbunifu majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, achore mchoro wa nyumba ilivyo na mchoro wa mtakavyo iwe, uso wa mbele ukionyeshwa pamoja na majirani wa kulia na kushoto. Mchoro wa nyumba iliyo peke yake kwenye karatasi nyeupe hauisaidii kamati kuona mtaa. Ambatanisheni picha za sasa, na pekueni albamu za familia: picha ya harusi au ya sikukuu iliyopigwa barazani miaka ya nyuma inaweza kuonyesha nguzo zilivyokuwa, na ushahidi wa namna hiyo mara nyingi hufanikisha maombi kuliko barua ndefu. Mkiweza, mwoneni afisa mipango kabla ya kuchora, mkiwa na wazo tu na picha. Anayeulizwa mapema hushauri, na anayeletewa kazi iliyokwisha kuanza hana la kufanya ila kuisimamisha.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Kama ukuta wowote una ufa unaopita pande zote mbili, au ufa unaoendelea kupanuka, au ukuta umeinama, mwiteni mhandisi wa majengo aje auone kwa macho kabla ya kazi nyingine yoyote, na wapangaji wa chumba hicho wahamishwe kwa muda. Mkipigapiga kenchi za paa na zikatoa sauti ya uwazi, mchwa wameshaingia, na hilo nalo linataka mtu wa kupanda juu. Mhandisi akisema kwa maandishi kwamba sehemu fulani haiokoleki, ripoti yake iingie kwenye maombi, kwa sababu kamati inapaswa kuisikiliza. Na kama kati yenu ndugu watano kuna asiyeridhika lakini ananyamaza, malizeni hilo na mwanasheria sasa, maana pingamizi la ndugu mmoja linaweza kusimamisha kibali kilichokwisha kutolewa.

Wakati mnasubiri, ipo kazi isiyobadilisha sura ya nyumba ambayo mnaweza kuianza baada ya kumjulisha afisa. Fungeni mifereji ya maji kwenye ukingo wa bati, ondoeni udongo uliorundikana kwenye mguu wa ukuta, chimbeni mtaro mwepesi unaopeleka maji mbali na msingi, na kwenye kila ufa wekeni alama ya penseli miishoni pamoja na tarehe. Mkiyafanya hayo kabla ya mvua za Desemba, mhandisi atakapofika atakuwa na kitu cha kupima.